John Boyd Dunlop na Gurudumu Lenye Upepo

1. Mzigo uliokaa juu ya upepo

Ndugu msomaji, tazama baiskeli inayopita njiani. Inabeba mtu. Nyuma imefungwa gunia la mahindi. Ringi yake ni ya chuma, lakini chuma hicho hakigusi ardhi. Kinachogusa ardhi ni tairi. Ndani ya tairi mna mpira mwingine, na ndani ya mpira huo mna upepo. Kwa hiyo mtu yule na gunia lake wamekaa juu ya upepo.

Jambo hili tumelizoea, wala hatushangai. Lakini zamani halikuwapo. Magurudumu ya magari ya kukokotwa yalikuwa ya mti, yakazungushiwa chuma. Wazee wetu wa Ufipa walikijua chuma vizuri. Walikiyeyusha katika matanuri marefu ya udongo, wakafua majembe na mashoka. Walijua kuwa chuma ni kigumu. Lakini chuma hakipunguzi mtikisiko. Gurudumu la chuma likigonga jiwe, aliyepanda hulisikia jiwe hilo mgongoni mwake.

Baiskeli zilipoanza kuenea Ulaya, magurudumu yake yalivikwa mpira mgumu usio na upepo. Huo ulikuwa bora kuliko chuma, lakini bado ulitikisa sana. Aliyebadilisha hali hiyo hakuwa fundi wa baiskeli. Alikuwa daktari wa mifugo. Jina lake John Boyd Dunlop.

2. Daktari wa mifugo

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma udaktari wa mifugo katika mji wa Edinburgh. Mwaka 1859 alifuzu. Umri wake ulikuwa miaka 19 tu.

Mwaka 1867 alihamia Ayalandi. Wakati huo nchi yote ya Ayalandi ilikuwa chini ya Uingereza. Baadaye alifanya kazi katika mji wa Belfast, na kazi yake ikastawi sana. Siku hizo farasi ndio waliovuta magari ya abiria na ya mizigo. Farasi akiumia, kazi husimama. Sisi wa Ufipa tunalielewa jambo hilo. Maksai akichechemea wakati wa kulima, mwenye shamba hana raha.

Katika kazi yake Dunlop alizoea kutumia vitu vya mpira. Alijua kuukata, kuugundisha na kuupima unene wake. Ujuzi huo ulikuja kumsaidia katika jambo ambalo hakulitazamia.

3. Baiskeli ya mtoto

Dunlop alikuwa na mtoto wa kiume aliyeitwa Johnnie. Mtoto huyo alikuwa na umri wa karibu miaka 10. Alikuwa na baiskeli ndogo ya magurudumu matatu, na magurudumu yake yalikuwa magumu. Barabara za Belfast zilitandikwa mawe. Baiskeli ilimtikisa mtoto sana, na ilikuwa nzito kuiendesha.

Mwaka 1887 baba yake alianza kulifikiri jambo hilo. Hakutaka kuondoa mawe ya barabarani. Hilo lisingewezekana. Alitaka kuweka kitu laini kati ya gurudumu na mawe.

Alichukua mpira mwembamba, akaukunja na kuugundisha ukawa bomba la mviringo. Akalizungusha bomba hilo kwenye duara la mti. Juu yake akafunika kitambaa cha kitani, akakipigilia misumari midogo. Kisha akajaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu.

Sasa sikiliza, msomaji, maana hapa ndipo penye somo kubwa. Dunlop hakukimbilia kuwaambia watu. Kwanza alijaribu. Alichukua gurudumu gumu la baiskeli ya mwanawe, akalisukuma uani. Lilibingirika kidogo, likasimama. Kisha akalisukuma lile duara lenye upepo. Hilo lilivuka uani, likagonga nguzo ya lango, likadunda na kurudi.

Hapo Dunlop aliona mambo mawili. La kwanza, upepo unapunguza mtikisiko. La pili, gurudumu lenye upepo linakwenda mbali zaidi kwa nguvu ileile. Kwa nini? Gurudumu gumu likikuta kijiwe, hurushwa juu pamoja na mzigo wake wote. Nguvu nyingi hupotea katika kurushwa huko. Lakini tairi lenye upepo hubonyea kidogo, likakimeza kijiwe, likaendelea mbele.

Akayafunga matairi ya upepo kwenye magurudumu mawili ya nyuma ya baiskeli ya Johnnie. Mwaka 1888 aliomba hati ya uvumbuzi. Hiyo ni hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi ili mtu mwingine asiige kazi yake bila ruhusa. Mwaka huohuo alipewa.

4. Waliocheka wakashindwa

Matairi yale yalikuwa manene. Baiskeli za mashindano za siku hizo zilikuwa na magurudumu membamba. Watu walipoyaona matairi ya Dunlop, walicheka. Walifikiri kitu kinene hakiwezi kwenda mbio.

Palikuwa na mwendesha baiskeli wa Belfast aliyeitwa Willie Hume. Yeye alinunua baiskeli yenye matairi ya upepo. Tarehe 18 Mei 1889 aliingia katika mashindano mjini Belfast. Alishiriki mashindano manne, akashinda yote manne. Baadaye alivuka bahari akashindana Liverpool, Uingereza, na huko pia akashinda.

Kicheko kikaisha. Wengi wakayataka matairi ya upepo. Mfanya biashara mmoja, Harvey du Cros, aliona kuwa hapa pana mali. Mwaka 1889 kampuni iliundwa mjini Dublin kwa ajili ya kutengeneza na kuuza matairi hayo. Dunlop alikuwa mmoja wa wahusika wake.

5. Hati yafutwa

Haikupita miaka mingi, habari mbaya ikafika. Iligunduliwa kuwa mtu mwingine aliwahi kuvumbua gurudumu lenye upepo. Huyo alikuwa Robert William Thomson, naye pia Mskoti. Alipata hati yake mwaka 1845, wakati Dunlop alikuwa mtoto wa miaka 5. Thomson aliyatengeneza magurudumu hayo kwa magari ya farasi. Nje aliyavika ngozi.

Lakini siku hizo baiskeli za kufaa zilikuwa hazijapatikana, na mpira ulikuwa ghali. Kazi ya Thomson ikasahauliwa. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1873. Dunlop hakuwa na habari zake. Hata hivyo sheria haikujali hilo. Hati ya Dunlop ilifutwa, kwa sababu hakuwa wa kwanza.

Je, Dunlop hakufanya kitu? Alifanya. Thomson alitangulia kulivumbua wazo. Dunlop alilivumbua tena, akalifanya lifae kwa baiskeli, na watu wakalitumia. Wote wawili wanastahili heshima.

Kampuni nayo ilijiokoa kwa kununua uvumbuzi wa watu wengine. Tairi la kwanza la Dunlop liligundishwa kwenye gurudumu. Kuziba pancha ilikuwa kazi ya saa nyingi. Mwaka 1890 Bwana Welch alivumbua tairi lenye waya pembeni, linalokaa ndani ya ringi bila kugundishwa. Mwaka 1891 huko Ufaransa ndugu wawili wa ukoo wa Michelin walitengeneza tairi la baiskeli linalovuliwa na kuvikwa upesi. Wakati huohuo Bwana Woods alitengeneza valvu, yaani mdomo wa kujazia upepo. Ukifungua valvu ya baiskeli zetu nyingi, utakuta kijimpira chembamba kilichovikwa kwenye kijiti cha chuma. Kijimpira hicho huruhusu upepo kuingia, lakini hukataa usitoke. Huo ndio uvumbuzi wa Woods, nao bado unatumika vijijini.

6. Mpira na machozi

Kuna jambo jingine ambalo hatuwezi kuliacha. Matairi hutengenezwa kwa mpira. Zamani mpira wote ulitoka katika utomvu wa miti na mitambaazi ya porini. Utomvu mtupu haufai. Wakati wa joto hunata, na wakati wa baridi hupasuka. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kuwa mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, huwa imara. Bila ugunduzi huo lisingekuwapo tairi la Dunlop.

Watu walipoanza kununua baiskeli kwa wingi, na baadaye magari, mahitaji ya mpira yalipanda ghafla. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mkabala na Ufipa yetu, iko nchi ya Kongo. Kuanzia mwaka 1885 mpaka 1908 nchi hiyo ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji. Watu wake walilazimishwa kuingia msituni kutafuta mpira. Vijiji vilipangiwa kiasi cha kuleta. Walioshindwa walipigwa, wake zao walishikwa kama rehani, na wengi waliuawa. Wengine walikatwa mikono. Dunia ilipopata habari, ilipiga kelele, na mwaka 1908 Leopold aliondolewa katika utawala ule.

Dunlop hakuyaamuru mambo hayo. Lakini ni kweli kwamba raha ya mwendesha baiskeli wa Ulaya ililipiwa kwa damu ya Mwafrika wa Kongo. Kitu kizuri kinaweza kuja na dhuluma, ikiwa hatuulizi kimetoka wapi.

Baadaye mashamba makubwa ya mpira ya Asia yalianza kutoa mpira mwingi. Mbegu zake zilitoka Brazil mwaka 1876. Hata nchi yetu ilipandwa mipira wakati wa Wajerumani, hasa sehemu za Tanga na Muheza. Bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913, mashamba mengi hayo yalikufa.

7. Mwisho wa maisha yake

Mwaka 1896 kampuni ya matairi iliuzwa kwa pauni milioni 3. Zilikuwa fedha nyingi mno kwa siku zile. Lakini Dunlop alikuwa amekwisha kujitoa. Hakupata utajiri huo. Waliotajirika ni wafanya biashara.

Jina lake hata hivyo lilibaki kwenye matairi. Picha ya uso wake, pamoja na ndevu zake nyingi, ilitumika kutangaza bidhaa ambazo hazikuwa zake. Yeye aliishi maisha ya kawaida mjini Dublin, akawa na sehemu katika duka la nguo. Alifariki tarehe 23 Oktoba 1921. Umri wake ulikuwa miaka 81.

8. Tunajifunza nini tunaponunua gurudumu?

Dunlop alijaribu kwanza, ndipo akaamini. Sisi nasi tufanye vivyo hivyo. Siku hizi baiskeli na pikipiki ni nyingi Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere. Baiskeli za umeme na pikipiki za umeme nazo zimeingia Afrika ya Mashariki. Katika miji kama Dar es Salaam, Nairobi na Kigali zinaonekana barabarani. Vyombo hivi ni vyepesi na vina mbio. Lakini vinayaonea magurudumu kwa njia tatu. Kwanza, betri ni nzito. Pili, mota ya umeme hutoa nguvu kubwa tangu chombo kinapoanza kuondoka, na tairi husuguliwa. Tatu, mara nyingi mota yenyewe imewekwa katikati ya gurudumu la nyuma. Gurudumu hilo huwa zito, na njiti zake hupata taabu kila linapogonga shimo.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, angalia mambo haya:

(a) Mzigo. Piga hesabu. Tuchukue mfano: baiskeli pamoja na betri ni kilo 25, mpanda baiskeli kilo 70, mzigo kilo 60. Jumla ni kilo 155. Mzigo ukifungwa nyuma, gurudumu la nyuma hubeba zaidi ya kilo 100. Tairi la nyuma lazima liweze uzito huo. Tairi la pikipiki huandikwa ubavuni namba na herufi. Kwa mfano, 42P. Namba 42 maana yake tairi hubeba mpaka kilo 150. Herufi P maana yake mbio zake zisizidi kilomita 150 kwa saa. Namba ikiwa ndogo, mzigo pia uwe mdogo.

(b) Njia. Tangu Tunduma mpaka Sumbawanga ipo lami. Lakini njia nyingi za vijijini ni za udongo na changarawe. Ukiteremka kutoka nyanda za juu kwenda Bonde la Rukwa, unashuka kiasi cha mita 1,000, na njia ina kona na mawe. Kwa lami, tairi lenye uso laini linafaa. Kwa changarawe na matope, chagua tairi pana lenye meno. Gurudumu dogo sana huzama katika shimo. Gurudumu kubwa huvuka.

(c) Ringi na njiti. Njiti ndizo ambazo mafundi huziita spoku. Baiskeli za zamani za Kiingereza zilikuwa na njiti 32 mbele na 40 nyuma. Waliozitengeneza walijua kuwa nyuma ndiko kwenye mzigo. Nyanyua gurudumu, lizungushe. Likiyumba, halijanyooka. Gusa njiti moja moja. Zilizolegea zikazwe na fundi. Gurudumu lenye mota liwe na njiti nene na ringi imara.

(d) Umri wa tairi. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Kwenye matairi mengi ya pikipiki na magari zimepigwa tarakimu nne ndani ya duara refu. Zikiwa 2322, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2022. Kama zipo, zisome. Tairi lenye nyufa ubavuni usilinunue, hata likiwa na meno yote.

(e) Upepo. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi la baiskeli. Usikizidi. Upepo ukiwa mdogo mno, ringi hubana mpira wa ndani unapogonga jiwe, ukatoboka matundu mawili yanayotazamana. Ukiona pancha ya namna hiyo, usilaumu mwiba. Laumu pampu iliyokaa bila kazi. Kwa chombo cha umeme, upepo mdogo pia humaliza betri mapema.

(f) Tairi gumu lisilo na upepo. Yako matairi yanayouzwa kwa sifa ya kutopata pancha kamwe. Sifa hiyo ni kweli. Lakini yanatikisa, yanachosha njiti, na mengi huenda kwa uzito. Hilo ndilo gurudumu ambalo Dunlop alilisukuma uani, likasimama njiani. Kwa mwendo wa polepole na safari fupi laweza kufaa. Kwa mbio na njia mbovu, tairi lenye upepo ni bora.

Tairi la bei rahisi likipasuka kwenye mteremko, anayeumia si muuza duka. Ni wewe, na abiria uliyempakia. Tairi jema si lazima liwe ghali kuliko yote, bali ni lile linalolingana na mzigo wako na njia yako, nalo limejazwa upepo wa kutosha. Kabla ya safari libonyeze kwa kidole. Kazi hiyo haina gharama.

Maswali ya kujadili darasani

1. Dunlop alikuwa na kazi gani? Kazi hiyo ilimsaidiaje kutengeneza tairi?
2. Kwa nini gurudumu lenye upepo lilikwenda mbali kuliko gurudumu gumu?
3. Thomson na Dunlop, nani anastahili kuitwa mvumbuzi wa tairi la upepo? Toeni sababu.
4. Watu wa Kongo waliteswaje kwa ajili ya mpira? Je, leo tunatumia vitu gani bila kujua vimetoka wapi?
5. Someni ubavu wa tairi moja la baiskeli au pikipiki iliyopo karibu na darasa. Namba zake zinasema nini?
6. Pigeni hesabu ya uzito unaobebwa na baiskeli ya mwenzenu siku ya mnada.